Nyimbo za Zamani kwa Wazee Wetu Nyumbani

Ndugu na dada katika vikundi, somo letu safari hii ni juu ya wazee wanaobaki nyumbani mchana kutwa, watoto wakiwa shule na wengine shamba au mjini. Chakula wamewekewa, dawa wamepewa. Lakini moyo je?

Huko Marekani siku hizi kuna nyumba ambazo mzee akitaka wimbo anasema tu, na spika iliyo mezani inaucheza. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza spika za namna hiyo mwaka wa 2014. Sisi hatuna haja ya kuzingojea. Redio ndogo ya memori kadi, au simu ya kijana wa hapo nyumbani, itafanya kazi hiyo, bora tu iwe imechajiwa.

Jambo kubwa ni wimbo wenyewe. Mtu hukumbuka sana nyimbo za ujana wake, tangu miaka kumi hivi mpaka thelathini. Basi pigeni hesabu: nyanya wa miaka 80 leo alikuwa msichana katika miaka ya 1960, Fadhili William na Daudi Kabaka wakivuma redioni. Ukimwekea nyimbo za injili za kizazi chako, huenda anakuvumilia tu! Muulize: Nyanya, mlikuwa mkiimba nini mkipalilia? Na kwaya yenu je? Na harusini? Nyingi za hizo hazipatikani dukani. Itabidi kijana mwenye simu awarekodi wazee wenzake wakiimba kwa lugha ya nyumbani, na kwa maoni yetu hizo ndizo zinazofaa zaidi.

Hata mzee aliyesahau majina ya watoto anaweza kuimba ubeti mzima bila kukosea. Msidhani amepona. Muziki hauondoi ugonjwa wa kusahau. Lakini watafiti wa Cochrane, waliolinganisha tafiti nyingi mwaka wa 2018, waliona kwamba wagonjwa wa namna hiyo waliopata angalau vipindi vitano vya muziki, yaelekea huzuni yao ilipungua.

Nusu saa yatosha. Jioni ni wakati mzuri, maana ndipo wengi wao huanza kuhangaika. Zima televisheni, ukae naye, umtazame uso. Kama hasikii vizuri, sogeza redio karibu. Ukiongeza sauti mpaka spika ikwaruze utamuudhi. Akianza kukunja uso na kutaka kuondoka, zima, hivyo tu. Akilia ni jambo jingine. Wako waliokuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, na wimbo mmoja unaweza kuwarudisha huko. Usimnyamazishe. Mshike mkono, na akitaka kusimulia, msikilize.

Redio ikiachwa ikilia kutwa inageuka kelele, na wengine wetu (tuseme kweli) tunaiwasha ili tusikae na mzee. Someni 1 Samweli 16:14-23. Daudi hakumpelekea Sauli kinubi halafu akaenda zake.

Kwa mkutano ujao kila mwanachama aje na majina ya nyimbo tatu alizotajiwa na mzee mmoja. Kisha mjadiliane: ni wazee gani kijijini hawana mtu wa kukaa nao jioni? Je, kikundi kinaweza kuchanga kinunue redio moja ya kuzungushwa kwao? Nani ataichaji, na nani atakwenda siku gani?