SOMO LA MWEZI: SADAKA INAYOJENGA ZAIDI YA NYUMBA MOJA

Mwezi huu tujifunze juu ya sadaka na mtu asiye na makao. Tusome kwanza Kutoka 22:25, mahali Mungu anapokataza kumtoza maskini riba.

Wengi wetu tumezoea msaada wa aina moja: turubai, blanketi, mgao. Tunashukuru, maana mvua haimngoji mtu. Lakini turubai huchakaa, na mwakani tunapanga foleni tena. Je, ipo sadaka inayomtoa mtu kwenye foleni?

Mwaka 1968, katika shamba la Wakristo liitwalo Koinonia, jimbo la Georgia, Marekani, Clarence Jordan na Millard Fuller walishughulika na swali hilo. Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara aliyetajirika angali kijana. Yeye na mkewe Linda walikuwa wamekwisha kugawa mali yao. Wakaanzisha mfuko wa sadaka na mikopo isiyo na riba, wakapima viwanja 42. Familia maskini ilipata nyumba kwa gharama ya ujenzi tu, ikalipa kidogo kidogo kwa miaka 20. Jordan alifariki Oktoba 1969, nyumba ya kwanza ikiwa bado inajengwa.

Mwaka 1973 Fuller na familia yake walihamia Mbandaka, kando ya mto Kongo, nchi ikiitwa Zaire. Huko walijenga nyumba za matofali ya saruji kwa mpango uleule. Waliporudi kwao, mwaka 1976, ndipo wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity. Basi kazi hiyo ilijaribiwa Kongo kabla shirika halijapata jina. Wengi wetu tuliotoka huko hatukuwahi kuambiwa!

Sasa tuangalie hesabu yake. Nyumba 20 zikijengwa kwa sadaka, na kila familia ikirudisha sehemu moja ya ishirini kila mwaka, mfuko hupata bei ya nyumba moja nzima kwa mwaka. Familia ya 21 inaingia ndani kwa fedha za majirani zake. Kweli, bei ya saruji hupanda na malipo bila riba hayapandi, kwa hiyo sadaka mpya lazima ziendelee kuingia. Tena mwenye nyumba hushika koleo yeye mwenyewe, pamoja na wanaojitolea. Aliyejenga na kulipa hana haja ya kuinamisha kichwa mbele ya mfadhili.

Tuseme wazi pia: mpango huu unahitaji kiwanja ambacho hakuna wa kukuondoa, na kipato hata kama ni kidogo. Hapa makazini ardhi si yetu. Na mjane mzee asiye na wa kumsaidia hawezi kukopeshwa. Huyo apewe tu, bila daftari. Kumdai huyo ni dhambi, hata bila riba. Lakini kijana fundi anayekosa mabati kumi, huyo mfuko mdogo wa kanisa unaweza kumkopesha, naye akirudisha, mabati yaende kwa mwingine.

Kwenye vikundi tujadiliane: katika mtaa wetu nani apewe, na nani akopeshwe? Nani atunze daftari? Na asiyeweza kurudisha kwa sababu ameugua, tutamfanyaje?