Kabla Hujanunua Betri, Kaa Hapa Tuongee

Mdogo wangu, najua mmeng'oa viti vya nyuma vya Hiace, mmetandika godoro, na sasa mnasubiri maua ya Kitulo yachanue mpande mkalale huko. Safi kabisa. Lakini umeniuliza swali moja tu: "Dada, betri ya bei nafuu Mwanjelwa naipata duka gani?" Hapo moyo wangu umeshtuka. Rahisi huvunja upishi, na wengi wenu ndipo mnapoteleza. Sikulaumu, maana dukani betri zote zinafanana.

Kwanza, betri inayowasha gari usiiguse. Ile ni kama kijana anayeshusha magunia sokoni: anainua mzigo mzito mara moja, kisha apumzike. Bamba zake za ndani ni nyembamba. Ukiifyonza usiku kucha kwa taa na friji, zinachoka mapema. Asubuhi starta haizungushi, nanyi mko Kitulo, kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi inauma, na wa kuwasukuma hayupo. Nunua betri ya pili, ile ya sola yenye bamba nene. Fundi umeme wa magari akufungie relei ya kuzitenganisha injini ikizimwa, na fyuzi karibu na betri. Akikwambia fyuzi si lazima, tafuta fundi mwingine.

Pili, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kila kitakachokula umeme. Taa mbili ndogo, simu mbili na redio kwa usiku mmoja havifiki hata ampea-saa 15. Friji ndogo ya volti 12 peke yake inaweza kula 40 hivi kwa siku nzima. Umeona mlaji ni nani? Na birika la umeme liache nyumbani, mpenzi wangu. La wati 1,500 linavuta zaidi ya ampea 120 kwa mkupuo. Pikeni kwa gesi, tena nje ya gari.

Sasa aina. Betri ya maji ni nafuu, lakini inataka kuongezwa maji ya betri, na ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Usiiweke chini ya godoro, nakusihi. Kama betri italala nanyi humo ndani, chukua betri kavu, nayo uiachie pa kupumulia. Zote mbili ni za risasi: ukinunua ya ampea-saa 100, hesabu 50 tu ndizo zako. Ukizoea kuikausha, unaiua mwenyewe kisha unamlaumu muuzaji.

Lithiamu ni nyepesi, unaweza kutumia asilimia 80 ya umeme wake, na inadumu miaka mingi zaidi. Bei yake inauma, na inataka chaja yake kati ya altaneta na betri, la sivyo altaneta itazidiwa. Tena sikia hili wewe wa nyanda za juu: lithiamu haitaki kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Juni na Julai Kitulo huanguka barafu. Muulize muuzaji kama ina kinga ya kukata chaji kwenye baridi. Asipojua, fedha ibaki mfukoni. Kwa safari za mara mojamoja, betri kavu inakutosha. Usiingie deni kwa kuiga wenzako.

Na ile ya zamani ikifa, usimwage asidi mtaroni wala usimpe anayeyeyusha risasi uani kwake. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mama Phyllis Omido, ambaye mwanawe naye alidhurika, alipambana hadi akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia. Fidia haimrudishii mtoto afya yake. Irudishe betri kwa muuzaji anayezipokea.

Mwisho, usifanye majaribio mlimani. Laleni garini usiku mmoja hapo uani, friji ikiunguruma na taa zikiwaka kama mtakavyofanya safarini. Umeme ukikatika saa nane za usiku, unagonga mlango, mama anafungua, na kesho mnarudi kwa fundi mkijua la kumwambia.