Injini ya Trekta Iliyoshika kwa Kutu

Katika mashamba ya Njoro, Rongai na Molo, palimwapo ngano na mahindi, si ajabu kuona trekta kuukuu ya Ferguson imesimama kando ya ghala, majani yameifunika magurudumu. Trekta hizo ndogo za kijivu, aina ya TE20, zilitengenezwa kati ya mwaka 1946 na 1956, nyingi katika mji wa Coventry, Uingereza, nazo zilizidi 500,000. Mwenye mali akaaye Milimani, Nakuru, huikumbuka trekta yake mvua ya Machi ikaribiapo. Lakini akitia hendeli, injini haizunguki hata kidogo.

Hapo wengi hufunga mnyororo na kuivuta kwa trekta nyingine, huku gia imetiwa. Mkono wa pistoni ukipinda, au pistoni ikipasuka, gharama yaweza kushinda thamani ya trekta yenyewe.

Kwanza yapasa kujua sababu. Injini iliyoshika kazini kwa kukosa mafuta au maji imeunguzwa na joto; hiyo haina budi kufunguliwa yote na fundi. Lakini iliyoshika kwa kusimama tu, mara nyingi imeshikwa na kutu kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, iliyoletwa na mvua ipitayo katika bomba la moshi lisilo na kifuniko. Hii ndiyo ifunguliwayo kwa subira.

Plagi zote nne zitolewe. Katika kila tundu pamiminwe vijiko vichache vya dizeli iliyochanganywa na mafuta mepesi ya injini, kisha trekta iachwe. Siku ya pili yatazamwe tena: palipopungua, paongezwe. Juma zima si muda mrefu. Kutu iliyokaa miaka mitano haitoki kwa saa tano.

Baadaye alama ya chaki itiwe katika puli ya mbele. Gia ya juu kabisa itiwe, na watu wawili waitikise trekta mbele na nyuma, pasipo kishindo. (Gia ya chini haifai: magurudumu yatateleza ardhini, na injini haitaona nguvu yo yote.) Alama ikisogea upana wa ukucha, kazi isimame hapo. Irudishwe nyuma, mafuta yaongezwe, ingojwe hata kesho. Vijana wenye nguvu huona uchungu sana wakati huu, kwa maana wameona imesogea.

Ikiwa majuma matatu yamepita bure, kichwa cha injini kifunguliwe. Hapo pana hatari moja: silinda za Ferguson ni mikono ya chuma iliyotumbukizwa tu katika maji ya kupozea. Pistoni ikilazimishwa huinua mkono wake, na maji huvuja chini. Basi mikono ifungwe kwa bolti na vipande vya chuma kabla ya kugonga pistoni polepole kwa gogo la mti mgumu.

Injini ikizunguka, isiwashwe bado. Dizeli imekwisha kuchuruzika chini na kuyapunguza nguvu mafuta. Yamwagwe yote, mapya yatiwe. Izungushwe kwa hendeli mara nyingi plagi zikiwa nje, bila sigara karibu, maana matundu yatarusha mafuta. Kisha plagi zirudishwe, na jioni ile ile kopo la bati lifunike bomba la moshi.