«Mboga» ni nini? Lugha katika upimaji wa chakula kati ya nchi na nchi

Neno «kusanifisha» tunalifahamu vizuri katika masomo yetu. Tunakumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini si lugha peke yake inayosanifishwa. Wataalamu wa lishe nao wanatafuta namna moja ya kupima watu wanakula nini, ili matokeo ya Kongo yaweze kulinganishwa na ya Burundi, ya Bangladesh au ya Peru. Makala hii inataka kuonyesha kwamba kipimo hicho kinaweza kuharibika kwa sababu ya neno moja tu, na kwamba kukitengeneza ni kazi inayotuhusu sisi.

1. Kipimo chenyewe

Njia inayotumika sana ni ukumbusho wa saa 24: mwulizaji anamwomba mtu ataje kila alichokula na kunywa jana, mchana na usiku. Juu ya njia hiyo kumejengwa vipimo vyepesi. Kimojawapo kinaitwa kwa kifupi MDD-W, nacho kinawahusu wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwongozo wake wa mwaka 2016 ulitolewa na FAO pamoja na FHI 360. Vyakula vinagawanywa katika makundi 10:

1) nafaka, mihogo, viazi na ndizi za kupika, 2) maharagi na jamii yake, 3) karanga na mbegu, 4) maziwa, 5) nyama, kuku na samaki, 6) mayai, 7) majani mabichi yenye rangi iliyokolea, 8) matunda na mboga nyingine zenye vitamini A kwa wingi, 9) mboga nyingine, 10) matunda mengine.

Mwanamke aliyekula kutoka makundi 5 au zaidi anahesabiwa kuwa amefikia kiwango. Chakula kisichofika gramu 15, yaani kama kijiko kimoja cha supu, hakihesabiwi. Jibu la mtu mmoja si hukumu juu ya afya yake. Kinachotafutwa ni sehemu ya wanawake wa eneo zima waliofikia kiwango. Namba hiyo ndiyo inayosomwa na wanaopanga misaada na miradi.

2. Mama mmoja, siku moja

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa Bukavu amekula bukari ya mihogo na sombe iliyopikwa kwa karanga na mawese. Jioni amekula tena bukari, safari hii na sambaza. Tuhesabu: mihogo, kundi la 1, karanga, la 3, sambaza, la 5, sombe, la 7. Mawese hayamo katika makundi 10. Jumla ni 4. Mama huyu hakufikia kiwango.

Sasa mwulizaji anakuja na karatasi iliyotafsiriwa kutoka Kifaransa. Pale palipoandikwa «autres légumes», mtafsiri ameweka «mboga nyingine». Katika Kiswahili cha vitabu tafsiri hiyo haina kosa. Lakini kwetu Bukavu, Goma au Lubumbashi, mboga ni kile kinacholiwa na bukari: sombe ni mboga, samaki ni mboga, nyama ni mboga. Hata Tanzania bara wako wengi wanaosema hivyo. Mwulizaji anauliza: «Mbali na sombe, jana ulikula mboga nyingine?» Mama anajibu: «Ndiyo», akiwaza sambaza wake. Kundi la 9 linapata alama. Baadaye anaulizwa kuhusu samaki, anajibu ndiyo tena. Sambaza wamehesabiwa mara mbili, jumla imekuwa 5, na mama amevuka mstari bila kuongezewa hata tonge moja.

Kosa hili likirudiwa katika nyumba nyingi, ripoti itasema kwamba eneo lile linakula vizuri. Msaada utaelekezwa kwingine.

3. «Kula» na «jana»

Kosa linaweza pia kwenda upande wa pili. Mwulize mtu aliyekula embe njiani na viazi vya kuchoma sokoni kama amekula. Wengi watajibu: «Bado sijakula», kwa maana hawajakaa mbele ya bukari. Kwao kula ni mlo, na embe ni kitu cha kudanganya njaa. Swali likiwa «Ulikula nini jana?» peke yake, embe linapotea.

«Jana» nalo lina matata yake. Katika Kiswahili maana yake ni wazi, lakini karatasi ileile ikipelekwa kwa wasemaji wa Lingala, «lobi» ni jana na pia ni kesho. Kitenzi na maneno ya pembeni ndiyo yanayotenganisha. Mtafsiri asiyejua hilo anaacha mlango wazi.

4. Wengine walifanyaje

Ulaya walikutana na shida hii katika uchunguzi wa EPIC, unaohusu chakula na kansa katika nchi 10. Shirika la utafiti wa kansa lililoko Lyon lilitengeneza programu ya kompyuta iliyoitwa EPIC-Soft, ambayo baadaye ilipewa jina la GloboDiet. Utaratibu wa kuuliza ulikuwa mmoja kwa wote, lakini kila nchi ilikuwa na orodha yake ya vyakula katika lugha yake.

Kuna pia mfumo wa LanguaL, ulioanzia Marekani katika miaka ya 1970. Huo hautegemei jina la chakula. Unakieleza kwa sifa zake: kimetoka katika mmea au mnyama gani, ni sehemu gani, kimepikwa vipi, kimehifadhiwa vipi. Sombe inakuwa: mmea wa mhogo, jani, limetwangwa, limechemshwa. Ukiiita sombe, kisamvu au pondu, maelezo hayabadiliki.

Funzo ni hili: kinachosanifishwa ni maana na utaratibu wa kuuliza. Maneno yanabaki ya wenyeji.

5. Kazi yetu

Karatasi ya maswali ikifika Kongo, isitafsiriwe mezani na mtu mmoja. Kwanza, mtafsiri wa pili airudishe katika Kifaransa bila kuona ya asili, kisha zilinganishwe. Pili, ijaribiwe kwa akina mama wachache, na baada ya kila jibu waulizwe: «Ulipolisikia neno hili, uliwaza vyakula gani?» Tatu, mahali pa majina ya makundi yawekwe majina ya vyakula: badala ya «mboga nyingine», useme «nyanya, biringanya, kabichi, vitunguu». Nne, badala ya kuuliza kuhusu «kula» tu, mwulizaji amfuate mama toka alipoamka hadi alipolala: uliweka nini mdomoni, nyumbani, njiani, shambani?

Zoezi. Chukua makundi 10 yaliyotajwa juu. Kwa kila kundi, andika majina ya vyakula yanayotumika mtaani kwenu, kisha uwasomee watu watatu wa rika tofauti. Mahali watakapobishana, hapo ndipo tafsiri inahitaji kazi.