Wino Mkorofi Uupe Kalamu Yake

Wapenzi wa kalamu za nibu wanaujua wino uitwao Baystate Blue. Unatoka katika kampuni ndogo ya Marekani, Noodler's Ink, iliyoanzishwa na Nathan Tardif. Buluu yake ni kali, ina urujuani kwa mbali, na juu ya karatasi nyeupe maneno yanang'aa hata mwandiko wa kawaida ukapendeza. Lakini wino huo huo unaacha madoa kwenye plastiki ya kalamu, kwenye vidole, kwenye sinki na kwenye nguo. Kwenye karatasi hafifu unatambaa nje ya herufi na kutokeza upande wa pili. Wapo wanaoununua kwa shauku, wakachafuka mara mbili, kisha wakaufungia kabatini. Ni hasara kubwa, maana ukorofi wake unajulikana mapema, na mtu anaweza kujipanga.

Ielewe kwanza sababu. Wino wa kalamu za nibu kwa kawaida ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya maji, na mwingi hauegemei asidi wala magadi, au una asidi kidogo tu. Baystate Blue umeegemea upande wa magadi, na rangi yake imekolezwa na hung'ang'ania chochote inachokigusa. Ni kama binzari ya manjano: kile kinachoupa mchuzi rangi ndicho kinachobaki kwenye vidole vya mpishi. Kwa hiyo usihangaike kutafuta namna ya kuuzuia wino huu usichafue. Kazi yako ni kuamua utachafua nini.

Kalamu moja, wino mmoja

Tenga kalamu ya bei nafuu iwe ya wino huu peke yake. Platinum Preppy ya Japani inafaa sana: ni ya plastiki, haina gharama kubwa, na kifuniko chake kina kizibo cha ndani kinachozuia nibu kukauka hata ikikaa muda mrefu bila kutumika. Wino uliokuja nayo ukiisha, suuza kile kichupa chembamba cha ndani, kisha ukijaze tena kwa bomba la sindano lenye sindano butu. Baada ya muda plastiki itageuka buluu. Iache. Kalamu hiyo haina wino mwingine wa kuungojea, basi doa halina linachokiharibu.

Chagua nibu nyembamba. Inamwaga wino kidogo, mstari unakauka upesi, na wino hautambai sana. Nibu nyembamba za Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama ile ile, kwa hiyo zinausaidia zaidi wino wa namna hii.

Usiutie wino huu katika kalamu nyeupe au inayopenya mwanga uliyoinunua kwa sababu ya sura yake. Usiutie pia katika kalamu ya urithi yenye mpira ndani. Ya kwanza itaharibika sura, na utakapofika wakati wa kuondoa doa, mpira wa ya pili huenda usistahimili dawa yake.

Usiuchanganye

Kwa kuwa umeegemea magadi, Baystate Blue ukikutana na wino mwingine unaweza kuganda na kufanya mashapo, na mashapo yakiingia kwenye ulimi, kile kipande chenye mifereji chini ya nibu, kalamu inaziba. Ndugu zake wawili, Baystate Concord Grape na Baystate Cape Cod Cranberry, ndio unaoweza kuchanganyika nao.

Kwa hiyo kalamu iliyokuwa na wino mwingine isafishe mpaka maji yatoke meupe kabisa kabla ya kuijaza. Tena usiichovye kalamu moja kwa moja katika chupa kubwa. Mimina kiasi katika kichupa kidogo na ujazie hapo. Ikitokea uchafu umeingia, utakuwa umepoteza matone machache, si chupa nzima.

Siku ya kufungua chupa

Noodler's wanajaza chupa zao mpaka mdomoni, kwa hiyo hatari ya kwanza iko kwenye kifuniko. Weka chupa katikati ya sinia, tandika tishu chini yake, vaa glavu au nguo usiyoionea uchungu, kisha fungua polepole huku umeishika chupa chini kwa mkono mwingine. Vuta wino kiasi kwa bomba ili usawa ushuke, na ufute shingo ya chupa kabla ya kufunga. Wino uliobaki kwenye nyuzi za kifuniko ndio unaokuchafua siku nyingine unapodhani kila kitu ni kikavu.

Fanya kazi hii mbali na meza ya mbao isiyopakwa vanishi, mbali na zulia, na watoto wakiwa hawapo karibu.

Karatasi ndiyo nusu ya uzuri

Daftari nyingi za shule hunywa wino, na huu zinaunywa kwa pupa. Unene peke yake hauamui kitu. Karatasi ya Tomoe River iliyopata jina kwa wapenzi wa kalamu ilikuwa na gramu 52 tu kwa mita ya mraba, nyepesi kuliko karatasi ya kawaida ya fotokopi yenye gramu 80, na bado wino ulitulia juu yake bila kutambaa. Kinachoamua ni namna karatasi ilivyotiwa dawa kiwandani ili isinywe. Rhodia ya Ufaransa nayo inasifika kwa hilo.

Kabla ya kununua daftari, omba uandike neno moja kwenye ukurasa wa mwisho na uangalie kingo za herufi. Zikiwa na mizizi midogo, iache dukani. Daftari uliyo nayo ikiwa inatokeza wino nyuma, andika upande mmoja tu. Na ukiishi mwambao, kwenye hewa yenye unyevu, upe ukurasa muda zaidi wa kukauka kabla ya kuufunga.

Dawa ya doa

Maji na sabuni hupunguza tu. Kinachoiua rangi hii ni dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, ile ambayo wengi tunaiita Jik. Suuza kalamu kwanza kwa maji matupu. Changanya sehemu moja ya Jik na sehemu tisa za maji, vuta na kusukuma mara kadhaa, acha dakika chache tu, kisha suuza kwa maji mengi. Usiilaze nibu ya chuma humo usiku kucha, italiwa na kutu.

Jambo moja lisisahaulike: usichanganye Jik na amonia wala siki. Baadhi ya dawa za kusafishia kalamu zina amonia, na mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu. Tumia moja tu, dirisha likiwa wazi.

Sinki la kauri linasafishika kwa Jik, na shati jeupe la pamba pia. Nguo ya rangi itaharibika zaidi kwa dawa kuliko kwa doa. Vidole uviachie siku chache na sabuni.

Uutumie wapi

Wino unaofutika kwa Jik haufai kwa hundi wala mkataba. Unafaa kwa barua, shajara, kadi za Idi na Krismasi, na kuandika jina la mpokeaji kwenye kitabu unachomzawadia. Uandike nao kila siku hata mistari mitatu, maana kalamu inayofanya kazi haikauki ulimi, na mkono wako utazoea kasi yake.

Kama bado unasitasita, anza na mililita chache za kuonjea badala ya chupa nzima, pamoja na Preppy moja na kurasa kadhaa za karatasi nzuri. Hizo zinatosha kukuonyesha kama buluu hii inastahili kazi inayoidai. Mimi naamini inastahili.