Shangazi, niende Kibondo au nibaki kwenye lami?

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina shahada ya uhandisi ujenzi, nilihitimu mwaka juzi. Nimefanya usaili mpaka nikachoka, na sasa mambo yamekuja kwa mkupuo. Nimepangiwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilaya ya Kibondo, ajira ya kudumu, na nina siku 14 za kuripoti. Wakati huohuo TANROADS, ambako nimejitolea kwa miezi minane hapa Morogoro, wananiambia kuna mkataba wa mwaka mmoja kwenye mradi wa barabara kuu. Hapo watu nawafahamu, na lami ndiyo ndoto yangu tangu chuo.*

*Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenisomesha, anataka niache yote mawili nisubiri nafasi ya wizarani Dodoma. Anasema mhandisi wa wizara ndiye anayeonekana. Mama analia: Kibondo ni mbali, nami ni binti wa peke yake. Wenzangu wananicheka kwamba nakwenda kuwa fundi bomba. Sitaki kumvunjia mjomba heshima, wala sitaki kujuta. Nifanyeje?*

*Njia Panda, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Siku zako 14 zinahesabika, kwa hiyo jibu nakupa mapema: nenda Kibondo. Sababu zangu zisome taratibu, maana ndizo utakazozihitaji mbele ya mjomba.

Shahada uliyonayo bado haijakufanya mhandisi kamili mbele ya sheria. Kwa Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB, inakusajili kwanza kama mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu, unatakiwa ufanye kazi si chini ya miaka mitatu ukiwa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anayeiona kazi yako na kuitilia saini. Ndiyo maana tangu 2003 kuna mpango wa mafunzo kwa vitendo wa SEAP. Ofisi utahama, mabosi watabadilika, lakini usajili huo ni wako mpaka uzeeni. Basi kila njia uliyonayo ipime kwa swali hili: baada ya miaka mitatu nitakuwa nimeshika nini kwa mikono yangu, na nani atashuhudia?

Tuanze na wizara ya mjomba. Wizara inatunga sera, inapanga bajeti na kuzisimamia wakala. Ni kazi kubwa, na inamhitaji mtu aliyewahi kuona zege likikataa kukauka na mkandarasi akikataa kusikia. Miaka yangu miwili ya kwanza ya uhandisi niliitumia kwenye ofisi moja ya mjini. Niliandika mihtasari ya vikao na kupeleka mafaili ghorofani, na nilikuwa nikionekana kweli, maana nilivaa vizuri. Siku nilipoletewa fomu ya kueleza uzoefu wangu wa kazi, nilikaa nayo mezani jioni nzima, kalamu mkononi, na kurasa zikabaki tupu. Nililia usiku ule. Sitaki nawe ulie hivyo.

Mkataba wa TANROADS siudharau hata kidogo. Tangu 2000 wakala huyo ndiye anayesimamia barabara kuu na za mikoa, zaidi ya kilomita 36,000, na mradi mkubwa una maabara, wahandisi washauri na mitambo ambayo wilayani hutaiona. Lakini kwenye mradi mkubwa kazi hukatwa vipande, na mgeni hupewa kipande kimoja. Unaweza kumaliza mwaka mzima ukipima ushindiliaji wa kifusi, usijue makadirio yalitoka wapi wala hati ya malipo inaandaliwaje. Kisha mwaka umekwisha, na bado unadaiwa miwili. Ungeniambia ni mkataba wa miaka mitatu, na kuna mhandisi aliyekubali kukusimamia kwa jina lake, ningekuambia ubaki Morogoro.

Sasa Kibondo. RUWASA ilianza kazi Julai 2019, baada ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo, ikachukua kazi ya maji vijijini iliyokuwa mikononi mwa halmashauri. Ofisi ya wilaya ina wahandisi wachache na vijiji vingi. Mzigo huo ndio utakaokukomaza, kwa sababu mradi unaupata mzima. Utakwenda kwenye chemchemi kupima mtiririko kwa ndoo na saa. Utapima mwinuko kujua kama maji yatafika kwa mserereko au yatahitaji pampu. Utachora, utakadiria, utasimamia mafundi wa fosi akaunti, yaani kazi ambayo ofisi huifanya yenyewe bila mkandarasi, na jioni utakaa chini ya mwembe ukiwaeleza wanakijiji kwa nini kituo cha kuchotea maji hakiwezi kuwekwa mlangoni kwa mwenyekiti. Hakuna mhadhara wa chuo unaofundisha hilo la mwisho.

Na wanaokucheka kwa neno "fundi bomba", waambie shangazi yako alifundishwa na fundi bomba. Nilipohamia vijijini tulikuwa na bomba lililopoteza maji, na mimi nilikuwa na ramani, kikokotoo na hesabu za msukumo wa maji. Fundi wetu, mzee wa makamo, alichukua nondo fupi, akaiegemeza ncha moja ardhini, juu ya njia ya bomba, na nyingine akaiweka sikioni, akafumba macho. Akasogea hatua kumi, akasikiliza tena. Mara ya tano akasema, "Chimba hapa." Tulichimba kiasi cha kiuno tukakuta maungio yamepasuka. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, ila zilinionyesha nusu kilomita nzima, naye akanionyesha mahali pa kupiga sururu. Tangu siku ile sijapanga kazi yoyote bila kumwuliza fundi kwanza.

Ndoto yako ya lami nayo haifi. Adui mkubwa wa barabara ni maji. Yakishaingia chini ya tabaka, lami huanza kupasuka, hata kama ilimwagwa na kampuni kubwa namna gani. Mhandisi aliyekaa miaka mitatu akijifunza maji yanapita wapi, yanabeba nini na yana nguvu kiasi gani, atajenga kalavati na mitaro kwa akili tofauti. Ukiwa na usajili mkononi, milango ya TANROADS na hata ya TARURA, wanaohudumia barabara za wilaya tangu 2017, utaigonga kama mtu mwenye kitu cha kuwapa.

Lakini nisikufiche gharama. Ukishaingia kwenye ajira ya kudumu, huruhusiwi tena kuomba nafasi nyingine za kuanzia serikalini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanalisema hilo wazi, kwa mujibu wa waraka wa Novemba 2010. Utahama kwa uhamisho, au utaomba nafasi za juu kupitia kwa mwajiri wako. Kama ulikopa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi itakatwa. Mshahara wa kwanza nao una desturi ya kuchelewa, kwa hiyo ondoka na akiba ya miezi miwili, hata kama ni ya kukopa kwa mama.

Kwa mjomba usitume ujumbe wa simu. Nenda kwake na barua ya ajira mkononi, mshukuru kwa ada aliyolipa, kisha mweleze habari ya miaka mitatu ya usajili. Mwambie wizarani unataka ufike ukiwa umesajiliwa, ili uulizwe jambo ujibu. Mzee aliyesomesha mtoto anaelewa hesabu ya muda. Mama mwombe akusindikize. Akiona chumba utakacholala, akasalimiana na mwenye nyumba na kujua soko liko wapi, hofu yake itapungua kwa kiasi ambacho maneno hayawezi. Na TANROADS waandikie barua ya shukrani. Miezi minane si kidogo, na taaluma yetu ni kijiji kimoja.

Ukifika, siku ya kwanza mwulize meneja wa wilaya: je, amesajiliwa na ERB, na atakubali kukusimamia? Kama hajasajiliwa, omba msimamizi ofisi ya mkoa, kwa maandishi, wiki hiyohiyo. Kisha nunua daftari gumu. Kila Ijumaa kabla hujatoka kazini andika ulichofanya, vipimo ulivyochukua na kosa ulilolifanya, na kila mwisho wa mwezi lipeleke lisainiwe. Usisubiri mwisho wa mwaka, kumbukumbu haikai.

Na siku maji ya mradi wako wa kwanza yatakapofika kijijini, wanawake watapiga vigelegele na viongozi watapanga mstari wa picha. Wewe weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba, tazama saa, andika imejaa kwa sekunde ngapi. Halafu kinga kiganja, unywe.

Wako,
Shangazi