Kuziba Pengo la Jino: Kipandikizi, Daraja au Meno ya Kuvaa

Jino bovu likishang'olewa, maumivu hupoa, kidonda hufunga na mwenyewe husahau njia ya kliniki. Kama ni gego la nyuma, pengo halionekani hata akicheka, basi huona hakuna haja ya kurudi. Daktari wa meno hukutana naye tena baada ya miaka mitano au kumi, safari hii akiwa na magego mengine mawili yanayocheza, na ndipo suala la kuziba pengo huanza kuzungumzwa. Wakati huo kazi huwa imekuwa kubwa na bei imepanda.

Siku hizi mabango ya kliniki mijini hutangaza vipandikizi vya meno, yaani jino bandia linalosimama juu ya skrubu iliyopandwa ndani ya mfupa wa taya. Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, kinawekwaje, kinamfaa nani, na ni wakati gani njia ya bei nafuu inatosha.

Pengo na mfupa

Mtu mzima mwenye meno yote huwa na 32, na kila moja hushikiliwa mahali pake na majirani zake pamoja na lile linalokutana nalo upande wa pili. Likitoka moja, majirani huanza kuegemea pengo kama nguzo za ua lililopoteza kigingi. Lile la taya la juu lililokuwa likigongana nalo hushuka polepole. Chakula hunasa katika nafasi mpya zinazojitokeza, mswaki hauzifikii, na uozo huanza kwenye meno yaliyokuwa mazima. Mwenye pengo naye huhamia upande mmoja wa kutafuna. Githeri, nyama na mahindi ya kuchoma vyote vikawa mzigo wa upande huo.

Kisichojulikana na wengi ni habari ya mfupa. Sehemu ya taya inayoshika meno ipo kwa ajili ya meno. Mtu anapotafuna, mzizi husukuma mfupa kidogo, na msukumo huo huufanya mfupa uendelee kujijenga. Mzizi ukitoka, mwili huanza kuuondoa mfupa usio na kazi. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, upana wa mfupa mahali hapo unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Kwa mzee aliyekaa kibogoyo miaka mingi, taya hubaki jembamba, midomo huzama ndani na kidevu husogea kuelekea pua.

Kenya ina kumbukumbu yake ya jambo hili. Miongoni mwa Wajaluo, desturi ya zamani ilikuwa kuwang'oa vijana meno sita ya mbele ya chini. Wamaasai na jamii nyingine kadhaa waling'oa mawili. Mojawapo ya sababu zinazotajwa na wazee ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, ambaye taya zake hukaza, angeweza kunyweshwa uji kupitia pengo hilo. Desturi imefifia, lakini wapo wazee wanaoishi nayo. Mmoja wao akitaka meno hayo yarudishwe, inawezekana, ila mfupa uliokaa miaka 50 bila mizizi lazima upimwe kwanza.

Mwanya ni kitu kingine. Nafasi ya asili kati ya meno mawili ya mbele, ile inayosifiwa kuwa urembo, haina jino lililopotea na haihitaji kuzibwa. Vivyo hivyo meno ya kahawia ya watu waliokua wakinywa maji yenye floraidi nyingi, kama ilivyo katika sehemu za Bonde la Ufa. Meno hayo yana madoa ila hayajaoza, na mtu asikubali yang'olewe ili awekewe meupe.

Njia za kuziba

Njia ya kwanza na ya bei nafuu ni meno ya kuvaa na kuvua. Daktari huchukua kipimo cha mdomo, fundi wa maabara hutengeneza sahani ya plastiki ya rangi ya ufizi yenye meno juu yake, na mgonjwa huivaa asubuhi na kuivua usiku, akaiosha na kuiweka ndani ya maji. Sahani hukaa juu ya ufizi, haishiki mfupa, kwa hivyo mfupa huendelea kupungua na baada ya miaka kadhaa huanza kucheza na kuchubua. Hapo hurudishwa kwa fundi ikajazwa upya. Mwenye nayo huchukua wiki kadhaa kuzoea kutafuna, na maneno kama "fedha" na "thamani" humpa taabu mwanzoni. Hata hivyo si njia ya kudharauliwa. Kwa mtu aliyepoteza meno mengi na mwenye kipato kidogo, ndiyo njia ya busara, na akiitunza humrudishia chakula na uso wake.

Njia ya pili ni daraja. Meno mawili yaliyo kando ya pengo huchongwa yakawa madogo, kisha hufunikwa kwa mataji yaliyounganishwa na jino bandia katikati, vyote vikagandishwa kwa saruji ya meno. Daraja halivuliwi. Kasoro yake iko wazi: meno mawili mazima huchongwa ili kuokoa nafasi ya moja, na jino likishachongwa halirudi. Kama majirani hao tayari yana viraka vikubwa, daraja huwa limewafaa wote watatu. Kama ni mazima kabisa, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari kama kuna njia nyingine.

Ya tatu ni kipandikizi.

Sungura wa Sweden

Kipandikizi cha sasa kilitokana na utafiti ambao haukuhusu meno. Mwaka 1952 daktari Msweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa ulio hai. Aliweka kijidirisha cha chuma cha titani katika mfupa wa mguu wa sungura ili aone kwa hadubini. Uchunguzi ulipokwisha alitaka kukitoa kifaa hicho, maana kilikuwa cha gharama, kikakataa. Mfupa ulikuwa umekua hadi ukakishika. Vyuma vingi vikiwekwa ndani ya mwili huzungukwa na utando laini, kama vile mwili unavyojitenga na mwiba. Titani haikufanyiwa hivyo.

Mwaka 1965 mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya na akawa hana meno ya chini, alipandikiziwa skrubu za titani katika mji wa Göteborg. Alizitumia hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Madaktari wengi duniani hawakusadiki mpaka mkutano wa Toronto wa mwaka 1982, ambapo matokeo ya miaka mingi yaliwekwa mezani. Leo hii, kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, zaidi ya vipandikizi 90 katika kila 100 huwa bado viko mahali pake baada ya miaka 10.

Kazi inavyofanyika

Tuseme kijana wa miaka 26 ameanguka na bodaboda akapoteza jino moja la mbele. Kama jino limetoka zima, wakati wa kuzungumzia skrubu haujafika. Jino hilo hushikwa upande wa juu, si kwenye mzizi, husuuzwa kidogo kwa maziwa au maji safi bila kusuguliwa, na hurudishwa kwenye tundu lake papo hapo. Ikishindikana huwekwa ndani ya maziwa na mgonjwa hukimbizwa kliniki. Nafasi ya kuliokoa ni kubwa katika saa moja ya kwanza. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuumiza lile linalokuja chini yake.

Jino likiwa limepotea au kuvunjika hadi kwenye mzizi, daktari huanza kwa picha ya eksirei. Anatafuta urefu na upana wa mfupa, mahali mshipa wa fahamu unapopita kwenye taya la chini, na kwenye taya la juu, umbali wa uwazi wa hewa ulio juu ya magego. Ufizi unaotoka damu hutibiwa kwanza, na meno yaliyooza huzibwa. Kliniki inayoahidi kupandikiza siku ileile bila picha yoyote inafaa kuhepwa.

Upasuaji wenyewe hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Ufizi hufunguliwa na tundu hutobolewa polepole huku maji ya chumvi yakimiminwa muda wote, kwa kuwa mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu huanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Skrubu huzungushwa ndani, ufizi hushonwa, na mgonjwa huenda nyumbani. Uvimbe wa siku mbili tatu ni wa kawaida.

Baada ya hapo ni kungoja. Mfupa huhitaji takriban miezi mitatu hadi sita kuishika skrubu. Katika muda huo kijana huvaa jino la muda la plastiki ili asikae na pengo. Mfupa ukishashika, kiungo kidogo hufungwa juu ya skrubu, kipimo huchukuliwa, na taji linalofanana na meno yake huwekwa. Mfupa ukiwa haba, kazi hutanguliwa na kupandikiza mfupa, na miezi huongezeka.

Si lazima kila pengo liwe na skrubu yake. Mzee asiye na jino lolote chini anaweza kupandwa skrubu mbili tu, zenye vishikizo ambavyo sahani yake ya meno hujibana navyo kama vifungo vya nguo. Haichezi tena anapokula. Kwa kibogoyo wa taya la chini, ambako sahani ya kawaida husumbua sana, pengine hapa ndipo kipandikizi kina faida kubwa kuliko kwingine kote.

Anayepaswa kungoja

Mwenye kisukari kisichodhibitiwa hupona vibaya, na skrubu yake ina hatari ya kutoshika. Sukari ikishuka na kutulia, mlango hufunguka. Uvutaji wa sigara hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, na daktari mwangalifu humtaka mgonjwa aache kabla na baada ya upasuaji. Aliyechomwa kwa mionzi ya saratani sehemu za taya, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, sharti aseme mapema, kwani kwake hata kung'oa jino tu kuna hatari. Virusi vya Ukimwi peke yake si kizuizi kwa mtu anayemeza dawa zake na ambaye kinga yake ni imara. Mjamzito husubiri ajifungue.

Vijana wa chini ya miaka 18 huambiwa wangoje. Taya lao bado linakua, na skrubu haisogei pamoja nalo. Baada ya miaka michache jino lililopandikizwa huonekana fupi kuliko wenzake.

Gharama na leseni

Katika kliniki za binafsi, jino moja la kupandikiza mara nyingi hupita shilingi 100,000 hatua zote zikijumlishwa, wakati meno ya kuvaa huanzia shilingi elfu kadhaa. Idara za meno za hospitali za umma katika kaunti hushughulika zaidi na kung'oa, kuziba na kutibu fizi. Vipandikizi hupatikana zaidi katika kliniki za binafsi na hospitali za mafunzo za miji mikubwa. Bei inayotajwa iulizwe kama inajumuisha picha, skrubu, kiungo na taji, maana matangazo mengine hutaja skrubu peke yake.

Kuuza ng'ombe kwa ajili ya gego moja la mwisho hakuna maana. Mtu mwenye meno 20 yanayokutana vizuri anaweza kutafuna chakula chake bila shida, na pengo la nyuma kabisa aghalabu linaweza kuachwa, mradi daktari alikague kila mwaka.

Hatari kubwa kwa mkaazi wa kawaida ni fundi asiye na leseni. Hawa huweka jino la plastiki kwa kumimina plastiki laini moja kwa moja mdomoni na kuigandisha kwenye meno jirani. Haivuliki, haisafishiki, na chini yake ufizi huoza pamoja na meno yaliyobaki. Kila daktari wa meno nchini husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Jina lake linaweza kutafutwa katika tovuti ya baraza kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa.

Titani haiozi, lakini ufizi na mfupa unaoizunguka hushambuliwa na utando uleule unaoharibu meno ya kawaida. Kipandikizi hupigwa mswaki mara mbili kwa siku, pembeni husafishwa kwa uzi wa meno au kiburashi chembamba, na ufizi ukianza kutoka damu au usaha mgonjwa hurudi kliniki bila kungoja maumivu, kwa kuwa skrubu haina fahamu ya kuuma kama jino.

Mgonjwa pia adai kadi yenye jina la kampuni iliyotengeneza kipandikizi na ukubwa wake. Kila kampuni ina vipimo vyake, na bisibisi ya moja haiingii kwenye skrubu ya nyingine. Aliyepandikiziwa India au Uturuki akarudi bila kadi, siku kiungo kitakapolegea, daktari wa hapa atalazimika kubahatisha kifaa cha kukikaza.